Jumatatu Baada ya Kuokoka

Mkutano wa injili mjini Isiolo kwa kawaida huwa wa siku tatu au nne. Hema hupigwa, vipaza sauti hufungwa juu ya nguzo, mhubiri huja kutoka Nairobi au Meru, na kwaya huimba hadi vumbi la uwanja linapanda hewani. Jumapili jioni watu hujitokeza mbele, wengine wakilia, wengine wakitetemeka. Huongozwa katika sala ya toba na majina yao huandikwa daftarini. Kisha hema hukunjwa, lori hung'oa nanga na mhubiri hurudi alikotoka. Aliyeokoka hubaki Bulapesa au Kulamawe, na kesho yake ni Jumatatu.

Makala haya yanahusu Jumatatu hiyo na miezi inayoifuata.

Kuokoka ghafla si kosa, wala si ugonjwa. Mlevi aliyeacha chupa usiku mmoja yupo, na mkewe anaweza kushuhudia. Hatari huanza pale mtu anapodhani kwamba kwa kuwa moyo umegeuka usiku mmoja, basi na mambo mengine yote ya maisha yake lazima yageuzwe wiki hiyohiyo: ndoa, mifugo, dawa, shule ya watoto, undugu. Wokovu unaweza kuja kwa dakika tano. Maamuzi makubwa hayapaswi kuja nao ndani ya dakika hizohizo.

Wahubiri hupenda kumtaja Paulo, aliyeanguka katika njia ya Dameski. Ni mfano mzuri, ila husimuliwa nusu. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza kwamba mara tu baada ya kubatizwa alianza kuhubiri Dameski, na joto likapanda hadi ikabidi ateremshwe ukutani usiku ndani ya kapu. Alipofika Yerusalemu waumini walimwogopa. Barnaba peke yake ndiye aliyemshika mkono na kumdhamini. Hata huko Paulo alibishana na watu mpaka wakataka kumuua, ndipo ndugu wakamchukua hadi Kaisaria na kumpeleka kwao Tarso. Mwandishi wa kitabu hicho anaongeza jambo ambalo halisikiki sana mimbarani: baada ya hapo makanisa ya eneo hilo yakawa na amani. Miaka ikapita. Barnaba huyohuyo alimfuata Tarso, akamleta Antiokia, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Paulo mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, anataja kwamba alikwenda Arabuni, na kwamba miaka mitatu ilipita kabla hajapanda Yerusalemu kuonana na Petro.

Yaani hata yule aliyeokoka kwa kishindo kuliko wote alirudishwa nyumbani kwanza. Waliofanya hivyo walikuwa waumini wenzake, nao walimfanyia hisani.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho, vuguvugu la toba na wokovu, uliwaka kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu walirudisha mali waliyoiba. Festo Kivengere, mwalimu aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli kwenda mbali kumwomba msamaha Mzungu ambaye yeye Festo alikuwa akimchukia. Wakati wa Mau Mau ndugu wa Uamsho walikataa kula kiapo, na wengi wao wakakataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Lakini Uamsho huo pia ulikuwa na joto la kupita kiasi. Mwaka 1941 katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, wanafunzi zaidi ya 20, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa baada ya mvutano na wakuu wa chuo kuhusu maombi ya alfajiri na mahubiri yaliyowalenga walimu na wenzao. Wapo wanaoona mpaka leo kwamba chuo ndicho kilichokosea. Hata hivyo, moto huo haukugeuka maangamizi, na sababu moja inafaa kushikwa na kila kanisa la Isiolo: ushirika. Kila wiki ndugu walikutana, na mtu alitoa ushuhuda wake mbele ya watu wanaomjua, mkewe akiwa amekaa palepale na jirani yake akisikiliza. Aliyedai kuwa amekuwa mpole aliulizwa nyumbani wanasemaje. Hakuna aliyeruhusiwa kuwa na nuru ya peke yake.

Pale ushirika wa namna hiyo unapovunjwa, na sauti ikabaki moja, mambo huenda kwingine kabisa.

Paul Nthenge Mackenzie alikuwa dereva wa teksi mjini Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake mwaka 2003. Mwaka 2017 alikamatwa kwa tuhuma zinazohusu watoto waliozuiwa kwenda shule. Mwaka 2019 alihubiri dhidi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa utambulisho wa watu, na mwaka huohuo akatangaza kufunga kanisa. Wafuasi wakamfuata katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na vijiji vyao vikapewa majina ya Kibiblia. Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi ya wafuasi, wengi wao waliokufa kwa njaa. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Februari 2024 Mackenzie na wenzake 29 walishtakiwa Malindi kwa mauaji ya watoto 191, na wakakana mashtaka. Mwaka 2025, huko Kwa Binzaro, si mbali na Shakahola, makaburi mengine yakafukuliwa.

Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wa safari yenyewe. Hakuna mzazi aliyeingia kanisani siku ya kwanza akaambiwa amnyime mwanawe chakula. Aliambiwa kwanza kwamba shule inafundisha mambo ya dunia. Baadaye akaambiwa hospitali ni kukosa imani, kitambulisho ni alama ya mnyama, jamaa wasioamini ni maadui, nyumba na shamba ni mizigo. Kila ngazi ilikuwa fupi, na kila aliyeikanyaga alipongezwa. Alipofika ngazi ya mwisho hakuwa na kazi wala nyumba ya kurudia, na mtu wa kumuuliza swali hakuwepo.

Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, ilikwisha pita njia hiyo. Wafuasi wa kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliuza mali zao wakisubiri mwisho wa dunia kabla ya mwaka 2000 kuanza. Katika kambi zao kuongea kulizuiwa, watu wakawasiliana kwa ishara, eti wasije wakashuhudia uongo na kuvunja amri. Machi 17, 2000 mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada lililofungwa. Mmoja wa viongozi, Dominic Kataribabo, alikuwa padri aliyesomea Marekani. Kwa hiyo anayejifariji kwamba watoto wake wamesoma mno kudanganyika anajidanganya mwenyewe.

Basi familia ya Isiolo ifanye nini mmoja wao anaporudi kutoka uwanjani akiwa mtu mwingine?

Kwanza, asichekwe. Binti akianza kufunga na kukesha, wapo baba wanaompiga, na wapo kaka wanaomnyang'anya simu na kumfungia ndani. Hiyo ni zawadi kubwa mno kwa mhubiri mbaya, kwa sababu alikwisha mwambia binti huyo kwamba atateswa na watu wa nyumbani mwake, na sasa unabii umetimia. Heri mama akae naye, amuulize kilichotokea, asikilize hadi mwisho, kisha aombe jambo moja tu: kwamba kabla ya uamuzi wowote usiorudi nyuma, upite mwaka.

Mwaka si amri ya Biblia. Ni kipimo cha busara, na kina sababu. Mwaka mmoja una kiangazi na masika, una ugonjwa, una karo, una msiba wa jirani na harusi ya binamu. Imani iliyopita katika hayo yote imeanza kujulikana rangi yake. Aliyeacha miraa Jumatatu hahitaji kusubiri mwaka, kwa kuwa hata akiteleza Alhamisi hajapoteza kitu. Lakini kuacha kazi, kuvunja ndoa, kuuza ploti, kumtoa mtoto shule na kuuza mifugo ya kuzaa ni milango inayofungwa kwa nje. Wafugaji wanaelewa hesabu hii kuliko mtu yeyote. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na waliopoteza mifugo wanajua inavyochukua muda kujenga zizi upya. Ngamia jike hubeba mimba kwa takribani miezi 13, na mara nyingi hafiki uzao wake wa kwanza kabla ya umri wa miaka mitano. Anayemuuza huyo sokoni ili apande "mbegu", yaani sadaka, kwa nabii anatoa maziwa ya watoto wake ya miaka mingi.

Kuhusu fedha, kanisa lenye hofu ya Mungu halioni haya kusema zilikokwenda. Mahali ambapo sadaka yote huingia kwenye nambari ya simu ya mtu mmoja, na anayeuliza hesabu huambiwa ana roho ya Yuda, muumini mpya afunge kibeti chake. Asikope kwa simu kupitia Fuliza ili atoe mbegu. Asitoe pesa za chama, kwa maana si zake peke yake. Injili ya Marko inasimulia jinsi Yesu alivyowakemea waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali hiyo ni korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu. Nyanya anayelala njaa Kambi Garba huku mjukuu wake akitoa fungu la kumi kwa bidii, ndiye mtu wa kusomewa kisa hicho, yeye pamoja na mjukuu.

Mke au mume anayeogopa mali kuuzwa anapaswa kujua kwamba kwa mujibu wa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa bila idhini ya wanandoa wote wawili. Asinyamaze akisubiri mwenzake azinduke.

Kuacha dawa ndiko kunakoua haraka zaidi, na hapa hakuna nafasi ya kungoja. Mwenye kisukari anayetegemea insulini akiiacha, damu yake huanza kujaa asidi, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye kifafa akitupa vidonge, degedege humrudia, pengine akiwa juu ya boda boda au kando ya moto wa jikoni. Aliyeacha dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi atajisikia mzima kwa wiki kadhaa, na wiki hizo huitwa muujiza, ilhali virusi vinaongezeka kimyakimya. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Kikohozi hukoma mapema zaidi, mgonjwa hushuhudia kanisani kwamba amepona, huacha dawa, na vimelea vilivyosalia hujifunza kuzishinda. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu, wakiwemo Wakenya, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500 za huko. Wapo waliotoka vitandani hospitalini ili kuwahi foleni, na wapo waliofia njiani.

Anayeamini ameponywa aende Hospitali ya Rufaa ya Isiolo akapimwe huku akiendelea kumeza dawa. Uponyaji wa kweli hauogopi maabara. Yesu mwenyewe, baada ya kuwatakasa wenye ukoma, aliwaagiza wakajionyeshe kwa makuhani, ambao enzi hizo ndio waliopewa jukumu la kuthibitisha.

Na kufunga? Katika jambo hili Mkristo wa Isiolo ana bahati, kwa sababu anaishi na walimu. Waislamu ndio wengi katika kaunti hii, ambayo sensa ya 2019 ilihesabu kuwa na watu 268,002, na kila mwaka anawaona wakifunga mwezi mzima bila kufa. Wana mpaka: jua likizama, mtu anakunywa na kula. Wana ruhusa: mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kula, na mtoto mdogo halazimishwi. Mfungo wa siku saba bila maji anaotangaza nabii wa wiki iliyopita hauna mpaka wala ruhusa. Mtu anayekaa bila maji katika joto la Isiolo anaweza kufa ndani ya siku chache tu, na figo huanza kuumia kabla ya hapo. Kwa hiyo maji yasikatwe, mwenye kisukari na anayenyonyesha wasifunge bila ushauri wa daktari, na mtoto asifungishwe kabisa. Si suala la imani ndogo.

Majirani hao wanastahili zaidi ya kutazamwa. Ari mpya hupenda kipaza sauti, na kipaza sauti mjini Isiolo kinasikika msikitini. Muumini mpya aliyetoka katika Uislamu hupandishwa jukwaani upesi ili aeleze alichokiacha, umati ukashangilia, na mama yake mzazi akasikia mtaa wa pili jinsi sala zake zinavyodharauliwa. Hapo mhubiri amepata ushuhuda, na kijana amepoteza mama. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaonya kwamba aliyeamini juzi asipewe uongozi, asije akajivuna. Mtu wa namna hiyo alindwe, afundishwe faraghani, aruhusiwe kwenda nyumbani siku ya Idd kumsalimu shangazi, kushika jeneza la mjomba na kuchimba kaburi pamoja na binamu zake. Wala asichome ushanga wa nyanya yake wa Kisamburu au wa Kiturkana kwa sababu mtu fulani amesema una mapepo. Ushanga huo si wake wa kuuchoma.

Kuna hali nyingine ambayo familia nyingi hukosea kuitambua. Mtu ambaye hajawahi kuwa na pupa ya dini anaanza ghafla kulala saa mbili kwa usiku, anaongea bila kupumua, anagawa pesa, anasema ameteuliwa kuokoa Kenya nzima, na hachoki. Makesha hayo yanaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa akili unaotibika. Usingizi ndio wa kuchunguzwa kwanza: aliyejazwa furaha ya wokovu hulala akichoka, lakini aliyepatwa na ugonjwa huo hakumbuki kuchoka. Apelekwe hospitalini, na mchungaji anayempenda aongozane naye. Kumfunga kamba na kumtoa pepo kwa wiki mbili ni kuchelewesha tiba na kumwongezea majeraha.

Yapo pia maswali ya kumuuliza kiongozi, na majibu yake hueleza mengi. Nani anaweza kumkemea? Hesabu husomwa lini na mbele ya nani? Watoto wake mwenyewe wanasoma wapi, na alipougua mara ya mwisho alitibiwa wapi? Je, mtu anaweza kuhama kanisa lake akasalimiwa sokoni? Mchungaji mwema hatakasirika akiulizwa. Akikasirika, akadai maono yake hayahojiwi, au akaanza kutaka waumini wahamie mahali pa faragha mbali na jamaa, basi wakati wa maswali umekwisha na wakati wa kwenda kwa chifu umefika.

Hapa pana funzo chungu kutoka Shakahola. Jamaa walipiga kelele mapema. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Danson Mungatana, katika ripoti yake ya Oktoba 2023, ilizilaumu asasi za dola kwa kutochukua hatua ipasavyo wakati dalili zilikuwepo. Kwa hiyo malalamiko ya mdomo hayatoshi. Mwenye wasiwasi aende kituo cha polisi, aandikishe, na asiondoke bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Aandike majina ya watoto na umri wao, shule waliyoacha na tarehe. Mtoto akizuiwa kwenda shule au hospitali, nambari 116 ya simu za watoto hupigwa bure. Afisa wa watoto wa kaunti naye aarifiwe, kwa kuwa Katiba ya 2010 inampa mtoto haki ya elimu, lishe na matibabu, na uhuru wa kuabudu ulio katika Kifungu cha 32 haumpi mzazi ruhusa ya kumnyima hayo.

Lakini wapo watakaopotea kwanza, kisha warudi. Hawa ndio wanaosahaulika. Watarudi usiku, wamekonda, wana aibu, na pengine bado wanaamini nusu ya waliyoambiwa. Juni 2023 baadhi ya waliookolewa Shakahola waliendelea kukataa chakula hata baada ya kutolewa msituni.

Aliyekaa zaidi ya siku tano bila chakula asipewe sahani iliyojaa. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi kwa mpigo, madini kama fosfeti na potasiamu hushuka ghafla katika damu na moyo unaweza kusimama. Apelekwe hospitalini, na wahudumu waelezwe wazi amefunga siku ngapi. Wakati gari linatafutwa, kama yu macho na anameza vizuri, apewe maji kidogokidogo, akae kivulini, na mtu anayempenda akae karibu naye. Maswali kuhusu nabii, pesa na ploti iliyouzwa yasubiri. Ampigie simu mama yake kwanza.